Taulo Laini na Taulo Gumu

Karibu na mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, pako mahali paitwapo Bigwa. Nyuma yake milima imesimama kama ukuta, na kilele cha Lupanga, chenye urefu wa zaidi ya mita 2,100, mara nyingi hufunikwa na mawingu. Mbele yake ni nchi tambarare. Vijito hushuka kutoka misituni, na wakati wa kiangazi jua huwa kali na upepo huvuma siku nyingi. Mtu akitafuta mahali pa kufua nguo, ni vigumu kupata pema kuliko hapo, kwa maana vitu vitatu ahitajivyo mfuaji, yaani maji, jua na upepo, vyote vipo.

Walakini hata Bigwa, kila Jumamosi jioni, huonekana juu ya kamba mataulo yaliyokakamaa kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa juani. Ukilishika moja, halikunjiki vema. Ukijifuta nalo, lakwaruza shingo na kuyasukuma maji huku na huku juu ya mwili, wala haliyanywi. Mwenye taulo husema, "Limezeeka hili." Juma lifuatalo hulitia sabuni nyingi zaidi, akidhani kwamba sabuni italilainisha. Taulo lazidi kuwa gumu. Mwisho hulifanya dekio la kupigia sakafu, na baba yake hana budi kutoa fedha nyingine ili kununua jipya.

Kwa kweli taulo hilo halikuzeeka. Lilifuliwa vibaya tu. Mwanafunzi akaaye bwenini huwa na taulo moja, nalo limenunuliwa kwa jasho la wazazi wake. Akijua sababu ya ugumu, ataweza kulitunza likamfaa miaka kadhaa.

TAULO LIMEFUMWAJE

Nguo ya kawaida, kama vile kanga au shuka, imefumwa kwa nyuzi za namna mbili. Nyuzi ziendazo kwa urefu huitwa mtande, na nyuzi zipitazo kwa upana, zikiingia juu na chini ya mtande, huitwa mshindio. Taulo lina nyuzi hizo mbili, tena lina za namna ya tatu. Hizi za tatu hazikuvutwa zikakaza, bali zimeachwa zilegee, zikatokeza juu ya nguo pande zote mbili kama vitanzi vidogo vidogo. Ukilitazama taulo kwa karibu utaviona, navyo ni maelfu mengi.

Vitambaa vya namna hii vilifumwa kwanza kwa mikono katika nchi ya Uturuki, na mji wa Bursa ulijulikana sana kwa kazi hiyo. Mwingereza mmoja, jina lake Henry Christy, aliviona huko katika safari zake, akachukua kimoja mpaka kwao. Mwenzake, Samuel Holt, akabuni mtambo wa kufumia vitanzi hivyo, na mwaka 1851 mataulo hayo yakaonyeshwa mbele ya watu katika Maonyesho Makuu ya London. Tangu hapo yakaenea duniani pote.

Vitanzi vina kazi gani? Pamba yenyewe hupenda maji. Kila unywele wa pamba ni mwembamba mno, na urefu wake ni sentimeta 3 hivi au pungufu. Ukitazamwa kwa darubini ya kukuzia vitu huonekana kama utepe uliosokotwa. Maji huingia ndani yake, na mengine hukaa katika nafasi zilizo kati ya unywele na unywele. Basi vitanzi vikisimama wima, kila kimoja mbali na mwenziwe, nafasi za kushika maji huwa nyingi, na taulo hukausha mwili kwa kuligusisha tu. Vitanzi vikilala na kugandamana, nafasi zile huzibwa, na maji hayana mahali pa kuingia.

Hapo ndipo ilipo siri yote. Taulo laini ni lile ambalo vitanzi vyake vimesimama. Taulo gumu ni lile ambalo vitanzi vyake vimelala na kushikamana. Kazi ya mfuaji ni kuvisimamisha tena kila afuapo.

SABUNI ILIYOBAKI

Adui wa kwanza wa vitanzi ni sabuni iliyobaki ndani ya nguo. Sabuni huondoa uchafu na mafuta ya mwili, na pasipo hiyo taulo halitakati. Lakini ikiisha kufanya kazi yake haina budi kuondoka pamoja na uchafu huo. Isiposuuzwa vema hukauka ndani ya vitanzi, ikavishikamanisha kama uji uliokauka juu ya sufuria.

Shuka nyembamba husuuzwa upesi, kwa kuwa maji hupita ndani yake bila shida. Taulo ni nene na lina vitanzi vingi, kwa hiyo huficha sabuni nyingi. Mfuaji hulisuuza mara moja kama alivyosuuza shuka, akaona limekwisha. Juma la pili huongeza sabuni nyingine juu ya ile iliyobaki. Wahenga walisema, "Haba na haba hujaza kibaba," na ndivyo ilivyo hapa. Mabaki ya juma moja hayaonekani, bali mabaki ya miezi sita hulifanya taulo kuwa kama ubao.

Jambo hili laweza kujaribiwa kwa urahisi. Litwaliwe taulo kavu ambalo mwenyewe asema ni safi, litiwe katika beseni la maji matupu yasiyo na sabuni hata kidogo, kisha lichovywe na kukamuliwa mara kumi. Povu likionekana juu ya maji, sabuni ile ilitoka wapi? Ilikuwa imo ndani ya taulo tangu juma lililopita.

MAJI LAINI NA MAJI MAGUMU

Maji yote huonekana sawa, lakini hayafui sawa. Mvua ianguapo haina madini. Ikiisha kuingia ardhini hupita katika mawe na udongo, ikayeyusha sehemu yake na kuichukua. Maji yaliyochukua kalsiamu, ambayo ndiyo asili ya chokaa, na madini ya magnesiamu huitwa maji magumu. Yasiyo nayo, au yaliyo nayo kidogo tu, huitwa maji laini.

Sabuni ikitiwa katika maji laini hutoa povu upesi. Ikitiwa katika maji magumu, kwanza hukutana na chokaa, na hivyo viwili hushikana vikawa utando mweupe usioyeyuka, mfano wa maziwa yaliyoganda. Utando huo hauna kazi ya kufua. Huelea juu ya maji, huzunguka beseni, na huingia katika vitanzi vya taulo ukakaa humo. Mfuaji huongeza sabuni ili apate povu, na utando nao huongezeka.

Milima ya Uluguru yafundisha somo hili waziwazi. Sehemu kubwa ya milima hiyo ni mawe magumu ya kale sana, yasiyoyeyuka upesi, na maji yashukayo kwa kasi katika mawe hayo huchukua madini kidogo tu. Lakini mtu akifuata barabara itokayo Bigwa kwenda Kisaki, hupita Mkuyuni na kufika nchi ya Matombo, na si mbali na hapo pana msitu uitwao Kimboza. Msitu huo umeota juu ya mawe ya chokaa, ambayo maji ya mvua yameyala na kuyatoboa mashimo tangu zamani. Maji yapitayo katika mawe ya namna hiyo hubeba chokaa. Hivyo katika milima ile ile, watu wawili waweza kutumia sabuni ya namna moja, mmoja akapata povu jingi na mwenziwe akapata utando. Visima vilivyochimbwa katika nchi tambarare navyo mara nyingi huwa na chumvi na madini kuliko vijito vya mlimani, maana maji yake yamekaa ardhini siku nyingi.

Mtu akitaka kujua maji ya kwao ni ya namna gani, na afanye hivi. Achukue chupa mbili zilizo sawa. Ya kwanza aitie maji ya mvua mpaka nusu, na ya pili maji ya kisima au ya bomba kwa kiasi kile kile. Katika kila chupa atie kipande cha sabuni ya mche kilichokatwa kidogo, kama ukubwa wa punje ya mhindi, kisha azitikise zote mara ishirini. Katika chupa ya maji ya mvua povu litapanda. Ikiwa katika ile nyingine povu ni kidogo, na maji yamekuwa meupe kama yenye maziwa, basi maji yale ni magumu.

Mwenye maji magumu ana njia mbili. Kwanza, akinge maji ya mvua kutoka paani, ayaweke kwa kazi ya kusuuza. Pili, atumie sabuni ya unga, ambayo imetengenezwa isishikane sana na chokaa. Sabuni ya mafuta ya nazi nayo hutoa povu hata katika maji ya chumvi. Walakini sabuni iwayo yote, isiposuuzwa, huacha ugumu.

GUNDI ISIYOONEKANA

Hata hivyo yako mataulo yaliyosuuzwa vema kabisa, kwa maji laini, nayo hukauka yakiwa magumu. Jambo hili liliwashangaza hata wataalamu. Tena ni ajabu kwamba taulo gumu la namna hii, likifikichwa kwa mikono kidogo, hulainika mara moja, ingawa halikuongezwa kitu wala halikupunguzwa kitu.

Wataalamu wa kampuni ya Kao na wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, katika nchi ya Japani, walilichunguza jambo hili, na mwaka 2020 wakatangaza waliyoyaona. Nguo ya pamba ikauka kambani haikauki kabisa. Maji kidogo sana hubaki yameshikamana na uso wa kila unywele wa pamba, na maji hayo si kama maji ya kawaida, kwa kuwa yamefungamana na pamba yenyewe. Mahali ambapo unywele mmoja hugusa mwingine, maji hayo huwa kama gundi, yakaviunganisha. Kiungo kimoja hakina nguvu, lakini viungo ni vingi mno, na vyote pamoja hulifanya taulo likakamae.

Basi yaonekana kwa nini kufikicha hulainisha. Mikono huvunja vile viungo vya gundi, na nyuzi huachana. Na yaonekana pia kwa nini upepo ni rafiki wa mfuaji. Taulo lililoanikwa mahali pasipo upepo hutulia tuli, vitanzi vikakauka vikiwa vimegusana. Taulo lipeperushwalo na upepo halitulii, na vitanzi vyake havipati nafasi ya kushikana.

Wanafunzi waweza kulihakikisha neno hili. Taulo kuukuu likatwe vipande viwili, vifuliwe pamoja katika beseni moja, na kusuuzwa pamoja. Kipande kimoja kianikwe chumbani, mahali palipofungwa madirisha. Cha pili kikung'utwe, kisha kianikwe nje penye upepo. Vikiisha kukauka vyote viwili, mtu afumbe macho avishike. Hatakosa kujua kipi kilikuwa wapi.

NJIA NJEMA YA KUFUA

Taulo jipya lifuliwe kabla ya kutumiwa mara ya kwanza. Kiwandani hupakwa dawa za kulifanya lipendeze dukani, na dawa hizo huyazuia maji yasiingie. Tena taulo la rangi lifuliwe peke yake siku ya kwanza, lisije likachujisha rangi na kuharibu nguo nyingine.

Siku ya kufua, mfuaji atwae beseni kubwa, maana taulo lililobanwa katika chombo kidogo halitakati wala halisuuziki. Sabuni iyeyushwe kwanza katika maji, ndipo taulo litiwe. Mtu asilipake sabuni ya mche juu ya kila upande mpaka likawa jeupe, kwa kuwa hiyo ni sabuni nyingi kuliko lihitajiyo. Maji ya uvuguvugu hufua vema kuliko maji ya baridi, kwa sababu mafuta ya mwili huyeyuka upesi. Pasipo kuni za kupoteza, ndoo ya maji iliyoachwa juani tangu asubuhi hupata joto la kutosha.

Taulo lichovywe, liminywe na kugeuzwa geuzwa. Lisipigwe juu ya mwamba kama wengine wafanyavyo mtoni. Mwamba hukata vitanzi na kuvilaza, na kila pigo hupunguza maisha ya nguo. Kitanzi kikikamatwa na mwiba kikavutika, kisivutwe zaidi, bali kikatwe kwa mkasi usawa wa vingine. Kikivutwa, chote katika mstari ule hufumuka.

Kisha ndiyo kazi kubwa, yaani kusuuza. Maji ya kwanza yatatoka na povu jingi, yamwagwe. Ya pili yatatoka na povu kidogo, yamwagwe. Ya tatu yatazamwe vema. Yakiwa safi hata kuonyesha sakafu ya beseni, na taulo likikamuliwa halitoi utelezi mkononi, basi kazi imekwisha. Kama sivyo, maji ya nne yahitajiwa. Mtu ahesabuye gharama aone neno hili: atiaye sabuni kidogo husuuza kwa maji machache, na atiaye nyingi hupoteza sabuni na maji yote mawili.

Wakati wa kukamua, watu wawili wasilisokote taulo kama wasokotao kamba ya katani. Kusokota kwa nguvu nyingi hulipinda na kulaza vitanzi. Yatosha kulikunja na kulibana kwa mikono mpaka maji yaache kuchuruzika.

KUANIKA

Kabla ya kulitundika, mfuaji ashike ncha mbili za taulo, alikung'ute kwa nguvu mara kumi, kisha ageuze ashike ncha nyingine mbili, alikung'ute tena mara kumi. Kazi hii ni ya dakika moja tu, na wengi huiacha kwa uvivu. Lakini ndiyo iviinuayo vitanzi vilivyolazwa na maji.

Taulo litandazwe juu ya kamba likiwa wazi, lisikunjwe mara nne wala lisibanane na nguo nyingine. Lianikwe mahali pafikapo upepo. Jua ni jema, maana hukausha upesi na kuua vijidudu vingi, ila taulo la rangi likiachwa juani mchana kutwa hufifia. Linapokaribia kukauka, likiwa na unyevu kidogo bado, lishushwe, likung'utwe tena na kufikichwa, kisha ligeuzwe upande wa pili. Likiisha kukauka lianuliwe. Likung'utwe mara ya mwisho ndipo likunjwe. Lisipigwe pasi, kwa sababu uzito wa pasi hulaza kila kitanzi kilichosimamishwa kwa taabu.

Toka Juni mpaka Septemba kazi hii ni rahisi katika nchi ya Morogoro. Shida huja wakati wa masika, toka Machi mpaka Mei, upepo utokapo Bahari ya Hindi ukiwa umejaa unyevu, na mawingu hukaa juu ya mlima siku nyingi. Hapo nguo nene haikauki kwa siku moja. Mfuaji mwenye akili hufua taulo asubuhi mapema, siku ambayo mbingu ni nyeupe, na mvua ikija huhamishia kamba yake chini ya baraza, mahali penye upepo bado. Kila saa mbili hulikung'uta. Lililo baya kuliko yote ni kulirundika taulo bichi sandukuni au juu ya kitanda. Siku ya pili litanuka uvundo, na baada ya siku chache litaota madoa meusi ya koga, nayo koga ikiisha kushika haitoki upesi.

TAULO LILILOKWISHA KUWA GUMU

Je, taulo lililokwisha kukakamaa litupwe? La, mara nyingi laweza kuponywa. Kwanza lilowekwe usiku kucha katika maji mengi yasiyo na sabuni, kisha lisuuzwe mpaka povu liishe. Likiwa limefuliwa kwa maji magumu, itiwe siki nyeupe, kikombe kimoja katika ndoo ya lita 20, na taulo likae humo muda wa saa moja. Ukali wa siki huyeyusha chokaa. Maji ya ndimu yana ukali wa namna hiyo pia. Baadaye lisuuzwe kwa maji safi, likung'utwe, na kuanikwa penye upepo.

Ni lazima kukumbuka onyo moja. Siki au ndimu isichanganywe kamwe na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe yenye klorini. Vikikutana hutoa hewa ya sumu iumizayo macho na mapafu.

Madukani huuzwa pia dawa za kulainishia nguo. Dawa hizo hupaka nyuzi utando mwembamba unaoteleza, na kweli taulo huwa laini mkononi. Lakini utando huo ukizidi huyazuia maji. Mtu na adondoshe tone moja la maji juu ya taulo lake. Tone likizama upesi, taulo ni zima. Likikaa juu kama umande juu ya jani la myugwa, taulo hilo ni laini bali halina kazi, maana kazi ya taulo ni kunywa maji.

TAULO NA AFYA

Ulaini si jambo la anasa tu. Taulo lisilosuuzwa huacha sabuni juu ya ngozi, nayo ngozi ya mtoto huwasha. Taulo lisilokauka hulisha koga na vijidudu. Tena taulo moja likitumiwa na wengi huchukua ugonjwa kutoka kwa mmoja hata kwa mwingine.

Trakoma ni mfano wa kuogopesha. Ugonjwa huu wa macho hupita kwa mikono, kwa nzi, na kwa vitambaa vilivyofuta uso wa mgonjwa, na ukirudia rudia miaka mingi huweza kupofusha. Huko Kongwa, katika mkoa wa Dodoma, watafiti waliuchunguza miaka mingi, na mwaka 1995 walitangaza kwamba watoto walioweka nyuso zao safi, pamoja na kupewa dawa, walipungukiwa na trakoma iliyo kali. Basi itafaa nini mtoto akinawa uso vema, kisha akaufuta kwa taulo la mwenziwe aliye mgonjwa? Kila mwanafunzi awe na taulo lake, aliandike jina au kulitia alama ya uzi, wala asione haya kumnyima mwingine.

MAJI YA WENGINE

Yapasa kutaja neno moja tena. Vijito vya upande wa Bigwa huingia katika mto Ngerengere, na Ngerengere huungana na Ruvu. Maji ya Ruvu husafishwa na kunywewa na watu wengi wa Dar es Salaam, mbali sana na mlima yalikotoka. Kwa hiyo afuaye ndani ya kijito hutia sabuni yake katika mtungi wa watu asiowajua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mpaka wa mita 60 kutoka ukingo wa mto, ili mito isiharibiwe na kazi za watu. Mfuaji mwema huteka maji yake, huyachukua mpaka nyumbani, na maji machafu huyamwaga penye ardhi kavu iliyo mbali na mto na kisima. Na aliyejifunza kutumia sabuni kidogo huwa amelitunza taulo lake na mto pia.

Yote haya hayahitaji fedha. Yahitaji sabuni kidogo, maji safi mara tatu, mikono ya kukung'uta, na kamba iliyofungwa penye upepo. Mwanafunzi ayafanyaye haya kila Jumamosi hana haja ya kuandika barua nyumbani kuomba taulo jipya, na fedha ile ya baba yake itanunua kitabu.

MASWALI

1. Taja nyuzi za namna tatu zilizomo katika taulo. Zile za tatu zina kazi gani?
2. Kwa nini taulo huficha sabuni nyingi kuliko shuka?
3. Maji magumu ni maji gani? Eleza jinsi ya kuyatambua kwa chupa mbili.
4. Wataalamu wa Japani waliona nini juu ya maji yanayobaki katika pamba?
5. Kwa nini taulo lianikwalo penye upepo huwa laini kuliko lile lililoanikwa chumbani?
6. Ni vitu gani viwili visivyopasa kuchanganywa kamwe, na kwa sababu gani?
7. Jaribu taulo lako kwa tone la maji. Andika uliyoyaona, na utakayolifanyia taulo hilo Jumamosi ijayo.